Siku nilipomuua bibi yangu akiwa chumba cha pili

Wiki mbili zilizopita binti mmoja wa kwetu Igombe, kando ya ziwa hapa Mwanza, alinitumia ujumbe wa sauti. Nyuma yake nilisikia injini za mitumbwi na wanawake wakibishana bei, nikajua yuko mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki. "Shikamoo kaka. Samahani kwa usumbufu. Nilikuwa naomba kuuliza, kwenye usaili wa kuingia udaktari pale Bugando wanaulizaga nini? Kuna mwalimu hapa mjini anafundisha majibu, anachukua elfu hamsini."

Nilimjibu asitoe hata mia. Mtu anayetoka kidato cha sita kwenda kusomea udaktari wa binadamu hapa nchini haitwi kwenye usaili. Anaingia kwa alama zake, basi.

Jibu lilikuwa sahihi, lakini baada ya kulituma nilibaki nimeishika simu kwa muda. Mimi mwenyewe nilishawahi kutoa. Zangu zilikuwa elfu thelathini, mwaka 2020, na mafunzo niliyoyanunua kwa fedha hizo ndiyo yaliyonifanya nimuue bibi yangu mbele ya wasaili, huku mwenyewe yuko chumba cha pili anapukuchua mahindi.

Nitafika huko. Nianze na pointi, maana ndiko wengi wanakopotelea kabla hata ya kufikiria usaili.

Nilimaliza kidato cha sita mwaka 2019, kombi ya PCB, yaani Fizikia, Kemia na Baiolojia. Matokeo yalitoka Julai, sisi tuko kambini JKT mkoani Mara, kwa hiyo mama aliyapata kabla yangu. Kemia C, Baiolojia C, Fizikia D. Baraza la Mitihani linahesabu A kuwa pointi 1, B 2, C 3, D 4, kwa hiyo zangu zilikuwa 10, Divisheni ya pili. Mama akaenda na hiyo kumi yake mwaloni, akaitangaza. Jirani yetu, ambaye naye anaanika dagaa, mwanawe alikuwa na 5. Sasa hawa ni watu wanaopima maisha kwa ndoo. Ndoo kumi ni kumi, ndoo tano ni tano. Wakampongeza mama, wakampa pole jirani. Nasikia kuna aliyemwambia jirani, "Usimchape, atajitahidi mwakani." Ilipita siku mbili nzima ndipo mwalimu mmoja wa shule ya msingi akaja kununua mboga na kuwaeleza kwamba kwa matokeo ya kidato cha sita aliye na kidogo ndiye aliye na kingi. Mama hajawahi kulimaliza hilo. Mpaka leo anaamini kuna mahali tulidhulumiwa.

Na kwa namna fulani hakukosea kuchanganyikiwa, maana ukishaanza kuomba chuo hesabu inageuzwa. Huko A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Kumi yangu ikawa nane. Tano ya mtoto wa jirani, A moja na B mbili, ikawa kumi na tatu. Nane kwa kumi na tatu: hapo ndipo nilipotakiwa kuuona ukweli, sikuuona.

Nilichokiona mimi ni kitabu cha mwongozo cha TCU, Tume ya Vyuo Vikuu. Niliufungua ukurasa wa udaktari, nikasoma sifa za chini za kuingilia, nikajipima, nikakuta nimo. Nikalala usingizi mzuri. Ukienda pale Kamanga ukakata tiketi ya kivuko, tiketi yako ni halali kabisa, lakini magari yakijaa unabaki nchi kavu na tiketi yako mkononi. Sifa za chini ndivyo zilivyo. Wenye sifa wanapangwa kuanzia juu kushuka, nafasi zikiisha hakuna anayekuja kukueleza kwamba ulikuwa na haki ya kuomba.

Tangu mwaka 2017 mwombaji anaomba moja kwa moja chuoni, kila chuo na mfumo wake, ada yake ya maombi na nywila yake ya kusahau. Mimi niliomba vyuo vitatu, vyote vya majina makubwa, na kote nikajaza udaktari tu. Kozi nyingine niliziona kama matusi. Awamu ya kwanza majina yakatoka, langu halimo. Awamu ya pili, halimo. Awamu ya tatu zilikuwa zimebaki kozi ambazo hata kuzitamka nilikuwa sijawahi. Mtoto wa jirani yeye alichaguliwa vyuo viwili, akawa anahangaika na namba ya siri ya kuthibitisha chuo kimoja, na akaja kuniomba mimi nimsaidie kuituma. Nilimsaidia. Sitasema nilimsaidia kwa moyo mkunjufu.

Mwaka uliofuata nilikaa nyumbani. Usiku wa giza nilitoka na mjomba kuvua dagaa, mbalamwezi ikiwa kali tunabaki nchi kavu kwa sababu dagaa hawafuati taa. Ni kwenye siku za mbalamwezi ndipo nilipokuwa na muda wa kuhangaika na simu, na ndipo nilipokutana na tangazo la chuo kimoja cha nje ya nchi, cha udaktari, chenye ufadhili wa ada yote. Sitakitaja. Waliangalia alama, barua mbili za wadhamini na insha, na baada ya hapo usaili. Nane yangu ikapita mchujo. Nilipopata barua pepe ya kuitwa niliisoma mara nyingi mpaka bando likaisha.

Kwa wenzetu, alama zinakufikisha mlangoni na usaili ndio unaofungua. Uingereza, mwombaji anaruhusiwa kuchagua vyuo vinne tu vya udaktari kwa mwaka, maombi yanafungwa katikati ya Oktoba, wengi wanafanya mtihani wa pamoja unaoitwa UCAT, na ndipo wachache wanaitwa kuhojiwa. Marekani unamaliza shahada nyingine kwanza, unafanya MCAT, mtihani wao wa kuingilia udaktari, na hata hivyo kwa mwaka wanaomba watu zaidi ya 50,000 kwa nafasi zisizofika 25,000. Haya niliyasoma baadaye sana, na yalinipunguzia kujihurumia. Wakati ule nilichojua ni kwamba nimeitwa usaili, na kwamba mjini kuna mwalimu wa tuisheni anayefundisha usaili.

Tulikuwa kumi na wanne chumbani kwake. Alitugawia karatasi zilizotolewa kopi mpaka herufi zimefifia. Swali la kwanza: kwa nini unataka kuwa daktari? Jibu lilikuwa limeshaandikwa. Bibi yangu aliugua usiku, zahanati ya kijiji haikuwa na daktari, akafia mikononi mwangu, nami nikaapa. Tulilisoma kwa sauti, kwa Kiingereza, kama shairi la darasa la tatu. Mwalimu akatuelekeza neno "Bibi" tusilitafsiri, tuliache hivyo hivyo, linagusa zaidi. Kuna mmoja wetu aliuliza kama anaweza kutumia babu. Akaambiwa babu hana nguvu.

Nimewahi kujiuliza mwaka ule ni bibi wangapi wa Mwanza walizikwa na wajukuu zao kwa njia ya mtandao.

Siku ya usaili sikuwa na imani na mtandao wa Igombe, nikaenda kwa baba mdogo Nyakato. Bibi alikuwa pale. Alikuja kutoka Magu kwa ajili ya kliniki ya macho, na kama kawaida yake hakuja mikono mitupu, alikuja na nusu gunia la mahindi ya kupukuchua ili "asikae bure". Nikamsalimia, nikamwomba nifunge mlango maana nina mtihani wa kwenye simu. Akaniambia, "Funga, mjukuu wangu. Nitapukuchua polepole."

Usaili wenyewe ulikuwa wa vituo. Mtindo huu ulianzia Chuo Kikuu cha McMaster kule Kanada mwanzoni mwa miaka ya 2000 na sasa vyuo vingi duniani vinautumia. Badala ya kukaa mbele ya jopo moja kwa saa nzima, unapita kwa wasaili tofauti, kila mmoja na swali lake, dakika nane nane hivi, na kabla ya kila kituo unapewa dakika mbili za kusoma swali. Sababu yake naiona ni ya haki. Msaili akikuchukia kwa namna unavyocheka, chuki yake inaishia kwenye kituo chake, kwa sababu wa kituo kinachofuata hajui huko nyuma umefanya nini. Ukiharibu cha kwanza unaweza kuokota kwenye cha tatu. Kwenye Zoom ilikuwa ni kuhamishwa chumba hadi chumba, kila ukihamishwa unakuta uso mpya na saa inaanza upya.

Kituo cha kwanza kilikuwa lile swali. Nilikuwa tayari. Nikashusha sauti mahali pa kushusha, nikanyamaza mahali pa kunyamaza. "Bibi" nililitamka mara nne au tano. Msaili alikuwa mama wa makamo, miwani imeshuka puani. Nilipomaliza alinipa pole, na pole yake ilikuwa ya kweli, ndiyo iliyoniumiza. Kisha akauliza, "Usiku ule, muuguzi aliyekuwepo alifanya nini ambacho unakikumbuka mpaka leo?"

Kwenye karatasi hapakuwa na muuguzi.

Nikasema alikuwa amevaa nguo nyeupe. Akasubiri. Nikasema alikuwa mpole. Akauliza bibi alikuwa anaumwa nini, nikasema presha. Akauliza alikuwa anatumia dawa gani nyumbani. Ukimya. Chumba cha pili nasikia mahindi yanadondoka kwenye sinia, ta, ta, ta. Zilibaki dakika tano. Sijawahi kukaa dakika tano ndefu namna ile, hata ziwani upepo wa mashariki ulipotukuta na injini imezima.

Lakini kilichonikosesha nafasi, nikikifikiria leo, hakikuwa hicho. Kilikuwa kituo cha pili.

Swali lilisema hivi, kwa kifupi. Kuna kijiji kando ya ziwa. Watoto wa shule wanapewa dawa ya kichocho kila mwaka. Kila mwaka wakipimwa ugonjwa bado upo. Umetumwa huko. Ungetaka kujua nini?

Mimi nimezaliwa kwenye hicho kijiji. Nimeoga kwenye hayo maji, nimekunywa hizo dawa, nimesimamishwa kwenye ule ubao wa kupimia urefu ili mwalimu ajue anipe vidonge vingapi. Najua kwamba vidonge vile ni vikubwa, vichungu, na ukivinywa tumbo tupu unatapika. Najua mahali tulipokuwa tukivitema, chini ya mwembe nyuma ya darasa la nne. Najua kwamba mwaloni kulikuwa na choo kimoja kwa watu mia na kufuli lake alikuwa nalo mtu mmoja. Najua mvuvi hawezi kuambiwa "usiingie majini". Haya yote nilikuwa nayo, hakuna mwombaji wa nchi nyingine aliyekuwa nayo.

Nikafungua mdomo, nikatoa mzunguko wa maisha wa mdudu. Yai linatoka na kinyesi, linaanguliwa majini, linaingia kwa konokono, linatoka na mkia uliogawanyika, linapenya ngozi. Nikataja majina ya Kilatini. Nilijisikia vizuri kweli, nikaona sasa naokota niliyoyamwaga. Msaili, kijana tu, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa adabu, "Ahsante. Mimi nimeuliza ungetaka kujua nini. Umeniambia unachokijua."

Nikarudia mzunguko, safari hii polepole zaidi.

Vituo vilivyobaki nitavipitia haraka. Cha tatu nilipewa picha ya maumbo ambayo msaili haioni, nimweleze aichore. Hicho nilifanya vizuri, nadhani kwa sababu hakikuwamo kwenye karatasi za mwalimu. Nilimwambia achore mtumbwi uliopinduka, juu yake pembetatu kama tanga, akachora, tukacheka wote wawili. Cha nne umeme ukakatika, nikarudi kwa bando la simu dakika tatu zimekwenda, na hakuna aliyenilaumu. Cha tano kulikuwa na mwigizaji anayejifanya jirani mwenye hasira. Nilimhubiria.

Nilipofungua mlango bibi alikuwa amemaliza sinia la pili. Akanitazama. "Mjukuu wangu, nimesikia unanitaja. Bibi, bibi, bibi. Wale ni akina nani?"

Nikasema ni walimu.

"Ulikuwa unawaambia nini?"

Kiingereza hakijui, lakini uso wangu anausoma tangu nikiwa na meno mawili. Sikuweza kumjibu mchana ule. Usiku, baada ya kula, nikakaa karibu naye na kumwambia kila kitu. Alinyamaza muda mrefu. Baba mdogo aliinuka akatoka nje, nikajua anacheka. Hatimaye bibi akauliza, "Nilikufa kwa ugonjwa gani?"

"Presha, bibi."

"Presha mimi sina." Hapo ndipo alipokasirika. Kufa hakukumsumbua, kilichomsumbua ni kuzushiwa presha. "Kama ni lazima nife ungesema uzee. Presha ni ya watu wenye roho mbaya."

Jibu la chuo lilikuja baada ya wiki tatu. Mistari minne, ya heshima.

Mwaka huo huo nikaingia stashahada ya utabibu, miaka mitatu, chuo cha hapa hapa kanda ya ziwa. Enzi zetu mkopo wa serikali kwa stashahada haukuwepo, mama alilipa kwa dagaa, na ninaposema kwa dagaa simaanishi tamathali. Kuna muhula mhasibu alikubali kusubiri mpaka giza la mwezi lirudi. Nilienda nikijiona nimeshindwa. Rafiki zangu walikuwa wakijiita madaktari watarajiwa, mimi najiita tabibu mtarajiwa kwa sauti ndogo. Ilinichukua mwaka kugundua kwamba nilikuwa nimeshagusa wagonjwa wengi kuliko wao.

Mwaka 2022 tulipelekwa mafunzo ya vitendo Ukerewe. Siku moja tulikuwa na zoezi la kugawa dawa za kichocho kwenye shule ya msingi. Uji ulikuwa haujaiva, kuni zilikuwa mbichi. Mtumbwi wa kuturudisha ulikuwa unasubiri na upepo unaongezeka. Kiongozi wetu alisema tuanze, uji utawakuta. Mimi ndiye niliyekuwa kwenye ubao wa urefu. Mimi, kati ya watu wote waliokuwepo pale, ndiye niliyejua kwa tumbo langu mwenyewe kitakachotokea. Nikaanza kupima. Watoto thelathini hivi walikuwa wameshameza ndipo wa kwanza alipotapika, wakafuatana kama mchezo. Mmoja akaanguka, akapakwa maji usoni. Kina mama waliokuwa wakianika dagaa ng'ambo ya uwanja walikuja wakikimbia na kanga mikononi. Mmoja akanishika mkono, hakupiga kelele, akaniuliza, "Huyu angekuwa wa kwako, ungempa akiwa na njaa?"

Kesho yake uji uliwahi, saa mbili asubuhi unachemka. Nusu ya watoto hawakuja shule.

Pale, nikiwa nimesimama na ubao wangu na hakuna wa kumpima, ndipo lile swali la kituo cha pili liliponirudia lote, neno kwa neno.

Nilimaliza mwaka 2023 na GPA, yaani wastani wa alama za chuo, ya 3.8. Hii ni njia ambayo vijana wengi hawaitazami, au wanaitazama kama njia ya panya. Mwenye stashahada ya utabibu anaweza kuomba udaktari, anatakiwa GPA isiyopungua 3.0. Lakini kuna mtego, nauandika hapa kwa sababu nimeona unavyonasa watu. Wanarudi kutazama cheti chako cha kidato cha nne: Fizikia, Kemia, Baiolojia, Kiingereza, na Hisabati. Hisabati! Mwenzetu mmoja aliyetushinda wote darasani, mtu wa GPA ya 4.2, alikuwa na F ya Hisabati aliyoipata akiwa na miaka kumi na saba. Alirudi kurisiti kama mtahiniwa wa kujitegemea, anasolve logarithimu usiku baada ya zamu ya wodini. Kabla hujalipa ada ya stashahada yoyote ukiwa na ndoto ya kuendelea, toa kile cheti cha zamani kabatini ukitazame.

Nikaomba, safari hii vyuo vitano, vikubwa na vidogo. Nikapata hapa hapa, chuo cha mlimani Bugando, kilichoanza mwaka 2003 pembeni ya hospitali iliyokuwepo tangu 1971. Usaili hapana. Jina lilitoka kwenye orodha, nikathibitisha, nikamaliza. Kilichokosekana kikawa ada, na ada ndiyo iliyonirudisha kwenye kiti cha kuhojiwa, kwa sababu kuna mfuko mmoja uliokuwa ukifadhili wanafunzi wa afya wa kanda hii na wao walikuwa wanafanya usaili ana kwa ana.

Ilikuwa hoteli moja karibu na ziwa. Watu watatu, meza, jagi la maji. Sikuwa nimenunua karatasi za mtu. Kwa wiki mbili nilichofanya ni kukaa na mjomba jioni, namsimulia jambo moja lililonitokea, yeye ananiuliza maswali ya kiuvuvi: nani alikuwepo, upepo ulikuwaje, halafu ukafanyaje. Mjomba ana uwezo wa kuuliza "halafu ukafanyaje" mara kumi bila kuchoka. Nikiyumba ananiambia, "Hapo unanidanganya, rudi nyuma."

Waliniuliza, pamoja na mengine, nieleze siku niliyokosea kazini. Nikaeleza ya Ukerewe. Nilisema nilijua na nikaanza. Mmoja wao, daktari mwenye mvi, akauliza kama tatizo halikuwa la kiongozi wetu. Nikasema amri ilikuwa yake lakini ubao ulikuwa mkononi mwangu. Akauliza, "Leo ungekataa mbele ya mkubwa wako?"

Nilikuwa na jibu zuri la uongo, lilikuja lenyewe mpaka kwenye ulimi. Nikalimeza. Nikasema, "Sijui kama ningekataa. Ningemwambia kwanza kwamba nimewahi kuzitapika dawa hizi, na ningemwomba dakika ishirini za uji. Akikataa, hapo sijui." Akaandika kitu. Kwa namna alivyoandika sikuweza kujua ni kizuri au kibaya.

Sasa msomaji anatarajia niseme nilipata. Niliwekwa orodha ya akiba. Wa tatu kwenye akiba. Nililia siku ile, kwenye daladala ya Igombe, kiti cha nyuma. Nilikuwa nimesema kweli yote na kweli yote ikanipa nafasi ya tatu kwenye foleni ya kusubiri. Wiki mbili baadaye nikiwa mwaloni namsaidia mama kugeuza dagaa simu ikaita. Mmoja wa waliopata alikuwa amepata kwingine pazuri zaidi, wawili mbele yangu mmoja hakupatikana kwenye simu na mwingine alishajiunga chuo kingine. Wangenilipia nusu ya ada. Nusu iliyobaki tumeendelea kuitafuta mpaka leo nikiwa mwaka wa tatu. Kwa hiyo mtu akiniuliza nilipataje ufadhili, jibu kamili lina watu watatu nisiowajua, na mmoja wao simu yake ilikuwa haipatikani.

Yule binti nilimpigia baadaye jioni. Anasubiri matokeo. Nilimwambia asiombe vyuo vya majina tu, asome kiasi cha pointi walichoingia nacho watu wa mwaka jana kama chuo kinatoa, na chini ya udaktari aweke kozi ambayo akiipata hatalia. Akaniuliza kuhusu wakala anayepeleka watu nje bila usaili wala nini. Nikamwambia kabla ya kumpa mtu huyo pasipoti yake, aulize TCU kama chuo hicho wanakitambua na kama watampa hati ya kutokuwa na pingamizi, na akumbuke kwamba akirudi na shahada ya nje Baraza la Madaktari lina mtihani wake unaomsubiri. Mwisho nikarudia ile elfu hamsini, kwamba asiitoe.

Akanyamaza. Kumbe ishirini alikuwa ameshatoa.

Novemba ile ya 2023, kabla ya kuripoti chuo, nilikwenda Magu kumuaga bibi. Nilimkuta uani, jicho moja limefunikwa na bandeji, ana sinia mapajani. Nilimwambia nimepata udaktari, na kuna watu watanilipia nusu.

"Nao walikuuliza maswali?"

"Waliniuliza, bibi."

"Na mimi safari hii ukanifanyaje?"

"Sikukutaja kabisa."

Akapukuchua gunzi zima bila kusema kitu. Kisha akaniuliza, "Na wale wa kwanza, umeshawaandikia kwamba nilifufuka?"